Upande Uliogusa Udongo

Saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumapili ya tatu ya msako, fundi saa alisimama ghafla katikati ya njia yake, akatazama chini kwa muda, kisha akainua mkono wa kulia.

Hakuinama wala hakugusa kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao ya kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitunga miaka kumi na moja iliyopita, walipoanza kutafuta vimondo wakiwa watu wawili na bunda la kamba. Anayeona jiwe halishiki. Anasimama hapo alipo, anainua mkono, anangoja wenzake. Jiwe hupigwa picha likiwa lilivyolala, rula pembeni, mshale wa karatasi ukielekea kaskazini. Kisha huandikwa mahali pake, uzito wake, na mwisho wa mstari huandikwa nani aliyeliona. Baada ya hapo jiwe ni la wote. Cha mtu binafsi ni hilo jina tu.

Dereva wa lori, aliyekuwa kwenye njia ya pili, alifika kwanza.

"Mzee, kama ni kinyesi cha mbuzi tena, leo utanibeba mgongoni mpaka kwenye gari."

"Angalia mwenyewe."

Dereva akaangalia. Akavua kofia.

"Sentimita!" alipiga kelele. "Njoo na daftari! Mzee kaopoa!"

Sentimita lilikuwa jina la utani la mpima ardhi mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na sita aliyetunza daftari na ramani. Hakuwa akichukia kuitwa hivyo. Alichukia tu mtu akisema "kama mita mbili hivi." Alikuja kwa mwendo wake wa siku zote, akachuchumaa kwa taabu kwa sababu ya magoti, akalitazama jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa yai la bata, na ganda lake jeusi lilikuwa limemeza mwanga kama sufuria iliyoungua. Alipiga picha sita. Mizani ilisoma gramu mia mbili na kumi na mbili.

"Hongera, Fundi," alisema, akampa mkono.

Fundi aliushika kwa mikono yake yote miwili. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amesimama juu ya makaa, juu ya mabonge ya chuma cha kiwandani, juu ya kinyesi, mkono ukiwa juu, na kila mara wenzake walikuja, wakaangalia, wakarudi kwenye njia zao. Dereva alikuwa na mawe manne daftarini. Mpima ardhi alikuwa na matatu. Hata binti yake fundi, aliyejiunga juzi juzi, alikuwa na mawili. Yeye hakuwa na hata moja, na macho yake yalikuwa yakiisha. Daktari alisema ni presha ya macho. Ilianza kula pembeni na sasa ilikuwa imefika karibu na katikati, hivi kwamba fundi aliuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Binti yake alifika wa mwisho, ingawa njia yake ndiyo iliyokuwa jirani. Alikuwa mpima damu katika zahanati, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mtulivu.

"Hongera, Baba," alisema.

Jiwe alikuwa ameliweka yeye. Asubuhi ile, kabla kamba za kugawa njia hazijafungwa, alikwenda kujisaidia karibu na uzio wa mashariki, mita mia saba kutoka pale, na alipoinuka aliliona limekaa kwenye nyasi mbele yake. Alikuwa peke yake. Aliinua mkono, kwa mazoea. Hakuna aliyemwona. Mkono ukiwa bado juu, wazo likamjia, akaushusha.

Alilichukua kwa kitambaa safi, asiliguse kwa vidole. Aliandika mahali penyewe kwenye simu yake, kwa kuwa kazini alifundishwa kwamba sampuli isiyoandikwa ilipotoka ni taka. Kisha, walipoanza kutembea, alitangulia hatua chache, akalitua katikati kabisa ya njia ya baba yake, pale ambapo bomba la macho yake lingepita.

*

"Miaka kumi na moja unaniletea vumbi ndani," mkewe fundi alisema jioni hiyo bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alikuwa akishona sare za shule, kola ishirini kwa siku. "Leo umeleta nini?"

"Jina."

"Jina unalo tangu uzaliwe."

"Hili ni la kwenye daftari, mama watoto. Litakwenda chuo kikuu pamoja na jiwe. Mtu atakayelisoma miaka mia ijayo atajua ni nani aliyeliona."

"Atajua pia nani aliyefua suruali zako?"

Lakini alizima mashine. Alisogea, akaitazama picha kwenye simu ya binti yao, ambayo fundi alikuwa ameileta karibu na pua, akiisogeza kidogo kidogo ili aione sehemu baada ya sehemu. Alimtazama mumewe zaidi kuliko alivyoitazama picha. Usiku ule alimpa nyama yote iliyobaki sufuriani, akasema yeye hana njaa.

Kibandani kwake, fundi alibandika nakala ya picha hiyo ukutani juu ya meza ya kazi. Saa ndogo za kike alikwisha kuacha kuzipokea. Siku hizi alibadilisha betri na mikanda. Jumatano mteja mmoja alimwona akipapasa mezani kwa dakika tano akitafuta skrubu iliyokuwa mbele yake.

"Nipe tu saa yangu, mzee. Nitaipeleka kwingine."

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri."

Fundi alimrudishia. Mteja alipokuwa akiondoka, alimwita. "Kijana. Unaiona picha hiyo? Jiwe hilo limetoka juu kuliko ndege zote. Nimeliona mimi."

"Sawa, mzee," mteja alisema, akaenda zake.

*

Jiwe moja lililowekwa vibaya lingekuwa jambo dogo kama kusingekuwa na ramani.

Mwaka uliotangulia, mpira wa moto ulipopasuka juu ya tambarare ile, vipande vilitawanyika kwa mpangilio unaojulikana: vyepesi huishiwa nguvu mapema na kuanguka nyuma, vizito husonga mbele. Mpima ardhi alikuwa ameweka nukta tisa kwenye ramani yake. Gramu tisa, gramu kumi na nne, gramu thelathini na moja, zote upande wa magharibi, zikikua kidogo kidogo kuelekea mashariki. Kwa hesabu yake, mawe makubwa yalipaswa kuwa karibu na uzio wa mashariki. Eneo lote lilikuwa shamba la alizeti. Meneja aliwaruhusu kupita kati ya mavuno na kulima, Jumapili saba, si zaidi. Baada ya hapo trekta zingeingia, na kilichomo kingezikwa na kuliwa na kutu.

Sasa jiwe la gramu mia mbili na kumi na mbili lilikuwa limekaa magharibi, katikati ya vipande vya gramu kumi. Mpima ardhi alilifikiria siku sita. Jumapili ya nne alitandaza ramani juu ya boneti ya gari.

"Nilikosea," alisema. "Kulikuwa na mpasuko wa pili. Makubwa yameelekea kaskazini-magharibi. Tunahamia huko."

"Jiwe moja linaweza kudanganya," dereva alisema.

"Watu hudanganya. Jiwe linakaa lilipoanguka."

"Lakini mashariki hatujakugusa, Mama," binti alisema. "Tungejaribu hata Jumapili moja."

Mpima ardhi alimgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiuliza kweli. "Una sababu?"

Fundi alikuwa amesimama kando yao, mkono mmoja kwenye ramani, kidole chake kimetulia karibu na nukta yake mpya, kubwa kuliko zote.

"Sina," binti alisema.

Walitembea kaskazini-magharibi. Hawakupata kitu. Jumapili ya tano hawakupata kitu, na dereva, aliyekuwa akikataa safari za mizigo ili awe huru siku hizo, aligombana na mpima ardhi kuhusu upana wa njia. Jioni hiyo binti alimfuata mama yake jikoni, akafunga mlango, akamweleza yote.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Aliendelea kuosha sahani ileile.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi asijue."

"Mama, wenzetu wanatafuta mahali ambapo hakuna kitu."

"Ni mawe. Dunia nzima imejaa mawe." Alifunga bomba. "Baba yako jana kanyoa ndevu mwenyewe, kaimba. Umesikia lini akiimba? Ukimnyang'anya hili utampa nini badala yake? Niambie. Nami nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Jumapili ya sita mpima ardhi alitembea na bandeji kwenye magoti yote mawili. Jumapili ya saba alikaa chini mara tatu. Jumatatu, saa moja asubuhi, trekta nne ziliingia shambani kutoka upande wa mashariki.

*

Alhamisi jioni mpima ardhi alibisha hodi nyumbani kwa fundi. Alikuwa na bahasha kubwa.

"Karibu, dada, karibu," mama alisema, akaondoa kola za sare kwenye kiti. Aliiona bahasha. Akaenda kusimama karibu na binti yake, kwenye mlango wa jikoni.

"Fundi," mpima ardhi alisema alipokwisha kukaa, "naomba tuitazame picha yako pamoja. Nimeichapisha kubwa. Nilikuwa naandaa barua ya chuo kikuu."

Fundi alifurahi. Alitoa lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni, akainama juu ya karatasi.

"Upande huu ndio uliokuwa juu ulipoliona?"

"Ndio huo. Sikuligusa."

"Najua hukuligusa. Una rangi gani?"

"Mweusi. Na hapa kuna udongo mwekundu."

"Umetapakaa au umekaa mduara?"

Fundi aliisogeza karatasi chini ya lenzi, kipande kwa kipande, kama alivyozoea kusoma mashine ya saa. Ilichukua muda mrefu.

"Mduara," alisema.

"Mvua ikirusha udongo huacha matone. Sogea kushoto. Hapo. Ni nini?"

"Uzi."

"Tazama tena."

Cherehani, ambayo mama alikuwa amesahau kuizima, ilitoa sauti ndogo ya umeme.

"Mzizi," fundi alisema. "Mzizi wa nyasi. Umeshika juu ya jiwe."

"Na mizizi haioti kuelekea angani."

Fundi alitoa lenzi jichoni. Alikuwa mtu aliyefungua saa za watu kwa miaka arobaini, na hakuwahi kumwambia mteja kwamba saa iliyo nzima ni mbovu, au kwamba mbovu ni nzima.

"Jiwe limegeuzwa," alisema. "Upande uliogusa udongo uko juu. Kuna mtu aliliweka."

"Ndivyo ninavyoona na mimi. Nilipaswa kuona siku ileile. Nilitazama ukubwa, sikutazama jiwe."

"Ni Dereva!" Fundi alisimama, akagonga kiti. "Ndiye aliyefika kwanza. Ndiye mwenye kinyesi cha mbuzi kila wiki! Amenifanya kichekesho, amekwenda kucheka na madereva wenzake. Mtu niliyemfundisha kushika kamba! Nipeni simu."

"Kaa kwanza, baba watoto," mama alisema.

"Sikai! Nipeni simu nimpigie sasa hivi."

Alikuwa akipapasa mezani. Simu ilikuwa karibu na mkono wake wa kushoto, nje ya bomba. Binti aliichukua kabla hajaifikia.

"Ni mimi, Baba."

Mkono wa fundi ulibaki mezani.

"Wewe ndiye nini?"

"Niliyeliweka."

Mama alifunga macho. Swali la kwanza la fundi, lilipokuja, lilikuwa swali ambalo mtu yeyote kati yao angeliuliza.

"Lilikuwa wapi?"

Binti alifungua simu, akasoma namba. Mpima ardhi alikunjua ramani, akapima kwa rula, akaweka alama ndogo kwa penseli. Ilikaa karibu na uzio wa mashariki, kwenye mstari aliouchora tangu mwanzo, kana kwamba ilikuwa imesubiriwa hapo.

"Kwa hiyo sikuwa nimekosea," alisema. Hakukuwa na furaha katika sauti yake. Alikunja ramani kwa mikunjo yake ileile. "Jumapili nne, binti yangu. Jiwe ningekusamehe leo hii. Jumapili nne nimezitoa kwenye magoti haya, na sijui kama mwakani yatakuwepo. Na pale sasa pamelimwa."

"Nilidhani ni jiwe moja tu, Mama."

"Unapima damu za watu. Tone moja likiandikwa jina lisilo lake, ni tone moja tu?"

Alimuaga mama kwa kumshika bega. Fundi alimwitikia kwa kichwa. Mlango ulipofungwa, alibaki ameelekea pale alipodhani binti yake amesimama. Alikosea kidogo, akawa anazungumza na kabati.

"Ulinionea huruma."

"Ndiyo, Baba."

"Nilipoinua mkono, ulikuwa unaniangalia?"

"Ndiyo."

"Ukaona nini?"

"Nilikuona umefurahi."

"Nilifurahi," fundi alisema. "Nilifurahi kama mtoto aliyefichiwa pipi. Na wewe ukasema hongera."

Alipapasa ukuta mpaka mlango wa chumbani, akaingia. Mama alianza kuokota kola zilizokuwa zimeanguka.

"Ungenyamaza," alimwambia binti kwa sauti ya chini. "Dereva angekasirika wiki moja, yakaisha."

"Dereva hakufanya kitu, Mama."

"Najua hakufanya kitu."

*

Jumapili iliyofuata walikutana kwenye stoo ya dereva, palipokuwa na kamba, mizani na daftari. Fundi ndiye aliyeomba kikao. Siku tatu alikuwa hajafungua kibanda. Alikuja amevaa koti lake la kwendea ofisini kwa watu, binti akiwa hatua moja nyuma yake. Alikataa kushikwa mkono, na akajikwaa kizingitini.

Dereva alikuwa amekwisha kuambiwa yote na mpima ardhi. Alikuwa akizungusha bunda la kamba mikononi.

"Mmetuzungusha mwezi mzima kama pia ya watoto," alimwambia binti. "Safari nane za mizigo nimezikataa. Nane. Mke wangu ananiuliza, hayo mawe yanaliwa? Na juu yake, mzee ananishuku mimi!"

"Nimekushuku," fundi alisema, "mbele ya watu, nyumbani kwangu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Wewe sikusemi, mzee. Namsema huyu."

"Huyu ni wangu. Ukimsema yeye umenisema mimi."

"Ana haki ya kunisema, Baba," binti alisema. "Samahani, Dereva."

Dereva aliitupa kamba kwenye ndoo. "Mwakani msinihesabu," alisema. Hakutoka, hata hivyo. Ilikuwa stoo yake.

Mpima ardhi alifungua daftari mezani. Kulikuwa na sheria kuhusu makosa pia. Mstari haufutwi, haupakwi rangi, karatasi haichanwi. Mwenye mstari huukata mwenyewe kwa rula na kalamu, mara moja, ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, kisha husaini pembeni.

"Mstari wa kumi," mpima ardhi alisema.

Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Aliiona tarehe. Alipohamisha macho kwenda kulia kutafuta uzito, alipoteza usawa, akapanda mstari mmoja bila kujua. Akaona herufi, akaona tarakimu, akatosheka. Aliiweka rula na kuikandamiza kwa vidole viwili.

Ilikuwa imekaa kwenye mstari wa tisa. Gramu thelathini na moja, Jumapili ya kwanza, aliyeona: Dereva.

Wote watatu waliona. Dereva alifungua kinywa, akakifunga. Alimtazama binti, akatikisa kichwa polepole: mwache. Mpima ardhi, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuacha tarakimu moja ipite, aligeuza uso akatazama ndoo ya kamba. Mstari wa tisa ungeweza kuandikwa upya kesho, fundi asipokuwepo. Ingekuwa kazi ya dakika mbili.

Ncha ya kalamu iligusa karatasi.

"Baba," binti alisema. "Rula imepanda. Huo ni mstari wa Dereva. Wako uko chini yake."

Kalamu ilisimama. Masikio ya fundi yaliiva. Dereva alivuta pumzi kwa nguvu puani.

"Uko chini kiasi gani?"

"Milimita nane."

Fundi aliishusha rula. "Hapa?"

"Bado kidogo. Hapo."

Alikata. Kalamu ilipita juu ya tarehe, juu ya uzito, juu ya mahali, ikafika kwenye jina lake, ikapita. Alisaini pembeni kwa kupapasa ukingo wa karatasi kwa kidole gumba. Kisha alisukuma daftari kuelekea upande wa sauti ya binti yake, ili aandike mstari wa kumi na moja, kwa mahali pa kweli na jina la kweli.

"Mstari umenyooka?" aliuliza.

Binti alitazama.

"Mwishoni umepinda kidogo, Baba."

"Uache hivyo," fundi alisema.